Nyota Moja kutoka kwa Gunzi Kavu

Tamthilia ilipofika sehemu ya sita nilikuwa nimeshajaza kurasa mbili za makosa yake, na hakuna aliyenituma. Mume wangu, Baba Miao, aliitazama kama wilaya nzima ilivyokuwa ikiitazama, leso mkononi. Mimi niliitazama na kalamu, kama mkaguzi wa shule aliyekosa shule ya kukagua.

Ilikuwa hadithi ya mwalimu wa kike katika shule ya milimani, huku huku kwetu jimbo la Gansu, China, miaka ya tisini. Mimi nilifundisha shule kama hiyo, kijiji cha Qijiaping, kwa miaka kumi na mmoja: chumba kimoja, watoto ishirini na watatu, mwalimu wa muda nisiye na ajira ya serikali. Sasa ninauza mbegu na mbolea mjini. Lakini stashahada yangu ya ualimu, niliyoisomea kwa posta, imetundikwa ukutani juu ya magunia ya mbegu za viazi, na hakuna mteja anayetoka dukani bila kuoneshwa.

"Tazama koti lake," nikasema. "Jeupe! Kwenye vumbi letu hili! Na hizo kucha. Mtu ametoka kuchokoa jiko la makaa ya mawe, ana kucha za bibi harusi."

"Mama Miao, mwenzio analia. Niache nisikie."

"Analia nini? Chaki yake bado nzima."

Hapo ndipo ikaja ile sehemu ya jiko. Kwetu, wakati wa baridi, watoto walipeana zamu ya kuwasha jiko la darasa. Mwenye zamu aliwatangulia wenzake, amebeba mfuko wa magunzi ya mahindi ya kuwashia makaa. Gunzi likiwa bichi au limelowa, darasa zima linakohoa mpaka saa nne na wino unaganda chupani. Ndani ya tamthilia magunzi yamelowa theluji. Mwalimu anawatazama watoto wanaotetemeka, anafungua sanduku lake, anatoa madaftari aliyojiandalia mtihani wa kuajiriwa, anayachoma moja baada ya jingine. Chozi moja. Muziki. Watoto wanamkumbatia.

Baba Miao alipenga kamasi. Mimi nilichukua simu, nikaingia kwenye ule mtandao ambako watu huzipa tamthilia nyota, moja mpaka tano, nikajiita Gunzi Kavu, nikaandika:

"Nimefundisha milimani miaka kumi na mmoja. Sehemu ya jiko ni uongo mtupu. Karatasi inawaka dakika mbili, haiwashi makaa, na mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo. Mwalimu mwenye akili hutuma mtoto nyumba ya jirani kuomba magunzi. Hakuna mwalimu duniani aliyewahi kuchoma madaftari yake ya mtihani. Aliyeandika hii hajawahi kulala milimani hata siku moja. Nyota moja, nayo ni ya punda, aliyeigiza vizuri."

Kufika kesho yake mchana watu elfu kumi na nane walikuwa wamekubaliana nami. Niliwasomea wateja maoni ya watu hao, watake wasitake. Mmoja aliandika, "Hatimaye anayejua amesema." Mwingine aliniita mkosoaji. Siku iliyofuata nilivaa sweta langu la sherehe kupimia watu mbolea.

Alhamisi, nikiwa nakula tambi, binti yetu Miao akapiga simu kutoka Xi'an. Alikuwa ametuambia anafanya kazi na watu wa televisheni. Sikumuuliza zaidi. Nilidhani anawapelekea chai.

"Mama, Gunzi Kavu ni wewe?"

"Umejuaje?" nikasema, na sauti yangu, nakiri, ilikuwa ya mtu anayengoja pongezi.

"Nani mwingine angemsifu punda? Mama, sehemu ya sita nimeiandika mimi."

Niliweka bakuli la tambi chini.

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka uitazame kwanza bila kujua. Jina langu liko mwishoni."

Jina liko mwishoni. Mimi, mkosoaji wa elfu kumi na nane, sikuwahi kusoma majina ya mwisho. Yakianza tu huwa nainuka kwenda kuosha vyombo.

"Sasa sikiliza," Miao akasema, haraka, kama afanyavyo anapozuia kilio. "Jumamosi wanachagua waandishi wa msimu wa pili. Mkuu wetu ameyasoma maneno yako mezani, mbele ya wote. Ananiuliza kama ile sehemu niliiona au niliitunga. Nimesema niliiona kwa macho yangu. Akacheka. Akasema, mwalimu aliyefundisha miaka kumi na mmoja anasema haiwezekani, nikuamini wewe au yeye? Ningemjibu nini? Kwamba huyo mwalimu ndiye niliyemwona akichoma?"

"Miao, mimi sijawahi kuchoma daftari."

"Nilikuwa na miaka saba, nimekaa dawati la mbele. Zamu ilikuwa ya Bai Shuangxi, alianguka kwenye theluji na mfuko wake. Wewe ulitoa madaftari yenye majalada ya bluu."

"Hapana."

"Matatu, mama."

Nilikata simu. Ndivyo nilivyo, nikishindwa hoja huwa mtandao unasumbua. Kisha nikampigia Bai Shuangxi, ambaye siku hizi ni daktari wa mifugo na ana watoto wawili wanene.

"Shuangxi, mwanangu, uliwahi kuniona nikichoma madaftari?"

"Mwalimu! Ningesahauje? Ile ndiyo siku niliyoapa kusoma. Ulijinyima maisha yako kwa ajili yetu."

"Nililia?"

"Mwalimu, kusema kweli, ulitukana. Mengine nimekuja kuyaelewa nilipoingia chuo."

Basi jambo lote likanirudia, pamoja na harufu. Asubuhi ile nilikuwa na barua ya majibu ya mtihani mfukoni. Nilikuwa nimekosa ajira kwa alama tatu, mara ya pili. Magunzi yalikuwa yamelowa kweli, lakini sikumwonea huruma mtoto yeyote. Nilitaka kukiona kitu kikiungua. Nilitupa daftari la kwanza nikiwatukana waliotunga mtihani, la pili waliousahihisha, na la tatu nilipolitupa nikakumbuka kwamba lina mbinu yangu ya hesabu za sehemu, nikatia mkono jikoni kulitoa, nikaungua, nikalipiga jiko teke. Makaa hayakuwaka. Baadaye nilituma mtoto kwa jirani kuomba magunzi.

Watoto ishirini na watatu waliokuwa wakinitazama walidhani ni upendo. Nami, kwa aibu, sikuwasahihisha, kisha nikafanikiwa kusahau.

Nilimpigia Miao. "Ninaifuta."

"Ukifuta watasema nimekulipa. Usifute. Ongeza."

"Niongeze nini?"

"Ulichofanya. Kwa jina lako."

Ilinichukua Ijumaa nzima. Wateja niliwauzia mbegu za kabichi badala ya figili. Chini ya maneno yangu ya kwanza niliandika:

"Mimi Gunzi Kavu ni Dou Caixia, mama wa aliyeandika sehemu ya sita. Niliyachoma. Yeye alikuwepo, mimi ndiye niliyesahau. Nilikuwa nimefeli kwa alama tatu na sikulia, nilitukana. Watoto sikuwafikiria kabisa. Aliyenikosea ni binti yangu, aliyeniandika mwema kuliko nilivyokuwa. Kuhusu karatasi kutowasha makaa, nasimamia neno langu, maana nimejaribu. Nyota tatu."

Baba Miao alisoma juu ya bega langu. "Tatu tu? Mtoto wako mwenyewe?"

"Kucha, Baba Miao. Zile kucha siwezi kuzisamehe."

Jumamosi nilikaa kando ya simu tangu asubuhi, duka limefungwa, sweta la sherehe kabatini. Iliita saa sita na dakika kumi.

"Mama, mkuu amesoma."

"Amesemaje? Umepata?"

"Anasema chozi lilikuwa kosa. Msimu wa pili mwalimu atatukana, na niandike mimi." Akavuta pumzi. "Ila mimi nilikuwa na miaka saba, maneno yenyewe siyakumbuki. Nina kalamu hapa. Ulisema nini hasa?"

Baba Miao aliinuka, akafunga dirisha la upande wa majirani. Nikakohoa kidogo kusafisha koo, nikaanza na waliotunga mtihani.