Ushuhuda wa Modesta

Mchungaji Pius Mihayo alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kanisa lake lote pale Buswelu halikuwa na habari. Kila asubuhi alijifungia chumbani, akameza kidonge chake, kisha akatoka kwenda kuwaombea wagonjwa. Aliyejua ni mkewe peke yake, na mkewe hakuwa mtu wa maneno mengi.

Hilo lingebaki kuwa jambo lake na Mungu wake, kama si Modesta. Huyu alikuwa mwimbishaji wa kwaya, mwenye sukari vilevile, ila yeye hakuificha. Jumapili moja katikati ya maombezi, kinanda kimepamba moto na watu wanalia, Pius alimwekea mikono kichwani akajisikia akisema, "Vitupe vile vidonge, dada, huvihitaji tena." Ni maneno ya madhabahuni hayo. Wagonjwa wengi huyaitikia amina, wakarudi nyumbani wakameza dawa zao kama kawaida. Modesta hakuwa wa hivyo. Alifika nyumbani akavimwaga chooni. Jumapili iliyofuata akasimama kutoa ushuhuda, kanisa zima likapiga vigelegele, na Pius, aliyepaswa kumwita pembeni siku ileile, akapiga makofi pamoja nao.

Basi mambo yakashika kasi. Watu walianza kuja kutoka Igoma na Nyegezi kumwona mama aliyepona, mpaka turubai likafungwa nje na viti vya kukodi vikapangwa. Kila mkutano wa injili alioalikwa Pius, waliomwalika walimtaka aje na Modesta wake. Tena katika kanisa lile, mtu aliyekwisha kupona akitamka ugonjwa ilihesabiwa kwamba anamfungulia shetani mlango. Kwa hiyo Modesta alipoanza kukonda alisema amefunga, na alipoanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni alisema ni jua la siku hizi. Pius aliyaona yote. Dalili hizo alizijua mwilini mwake mwenyewe. Kila wiki aliazimia kusema, na kila Jumapili alikuta turubai limejaa, akanywea.

Siku hiyo walikuwa kwenye Noah ya kanisa wakielekea Geita, ambako mabango yenye sura ya Modesta yalikwisha bandikwa mji mzima. Aliyeendesha ni mzee wa kanisa, Machibya. Pius alikaa nyuma pamoja na Modesta. Kabla ya kufika Kigongo walikuwa wameshasimama mara mbili ili Modesta achimbe dawa vichakani, na walipoingia daraja la kuvukia ziwa alikuwa amelegea, kichwa kimeegemea kioo, anahema kwa nguvu kana kwamba anapanda mlima. Pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Pius alimwita, akamwita tena, ndipo akafumbua macho.

Hofu ikamshika mchungaji wa watu. Darajani pale husimami. Mbele lori, nyuma basi. Enzi za kivuko mtu alikaa foleni Kigongo, akala samaki wake, akapata muda wa kujipanga. Daraja halikumpa hata nafasi ya kumaliza sala moja, na Busisi, ng'ambo ya pili, ikawa imefika. Akawaza: akimfikisha Geita katika hali hiyo, watamshika mkono wampandishe jukwaani, naye atasema amepona, na huenda akafia hapohapo. Akimpeleka hospitali, kabla ya kesho Buswelu nzima itakuwa imejua. Alitafuta njia ya tatu akaikosa.

Walipokaribia Sengerema mjini akamwambia Machibya akate kona waende hospitali.

Machibya alipunguza mwendo lakini kona hakukata. Alisema kwa heshima zote kwamba watu wa Geita wanasubiri, kwamba hili ni jaribu tu, na kwamba wamwombee mgonjwa palepale garini. Modesta naye akajikaza. Kwa ulimi mzito akasema yeye ni mzima, na hawezi kumrudishia Mungu zawadi aliyompa.

"Mimi nina sukari," Pius akasema. "Nameza vidonge kila siku. Hata leo nimemeza."

Machibya alimtazama kwenye kioo cha dereva, akasahau barabara kidogo. Modesta aligeuza shingo taratibu.

"Na siku ile uliponiwekea mikono?"

"Siku ile pia."

Gari lilipokata kona, Modesta hakukataa.

Hospitalini walimtoboa kidole, wakapima, wakamtundikia dripu haraka haraka. Muuguzi, binti mwenye kazi nyingi na uso usiocheka, akataka kujua kwa nini mgonjwa aliacha dawa. Aliyejibu ni Modesta.

"Ziliniishia, mdogo wangu," akasema. "Nikazembea."

Hapo ndipo Pius alipoona jinsi alivyofunguliwa njia ya kutokea, tena na mtu ambaye yeye Pius nusura amuue kwa maneno yake. Angenyamaza tu, angerudi Buswelu na kanisa lake, turubai lake na jina lake. Machibya asingethubutu kumsema. Simu kutoka Geita ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Aibu ilimpanda.

"Hazikuisha," akamwambia muuguzi. "Mimi ndiye niliyemwambia azitupe. Mimi ni mchungaji wake."

Muuguzi alimkazia macho, kisha akaendelea na kazi yake. Machibya akavaa kofia, akatoka nje bila kuaga. Pius alibaki amesimama kando ya kitanda, mikono haijui pa kukaa.

Modesta alikuwa amefumba macho.

"Ungeniambia tu, Baba Mchungaji," akasema. "Tungekuwa tunameza wote."