Onja Kwanza

Uvumi ulianza na tumbo la Sitati. Alikula samaki wa juzi, akashinda kwa choo siku nzima, na kwa sababu bibi yake hangekubali samaki ilikuwa ya juzi, akasema ni unga. Kufika jioni plot yote ilijua: Kihara wa posho mill anatilia watu wetu dawa, ndio siku ya kura tushinde kwa choo badala ya kwa laini.

Kihara amesagia mtaa wetu wa Rhonda mahindi tangu watoto wetu wakiwa mgongoni. Lakini wiki hiyo tulikumbuka si wa kabila letu. Mtu akisagiwa, haondoki. "Onja kwanza, mzee."

Na anaonja. Msagaji yeyote hupima unga na vidole asikie kama imelainika. Sasa vidole vikawa vinaishia mdomoni. "Nyinyi mtaniua na shibe," anasema, nyusi zimejaa unga. Watu hawacheki. Wanaangalia koo lake.

Alhamisi Eucabeth, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, akapeleka debe lake la mahindi. Fellowship ya akina mama ilikuwa iwe kwake siku hiyo, na hao wakimaliza kuomba, lazima ugali itoke. Kihara akachota unga kidogo, mkono ukaelekea mdomoni kabla hajaambiwa.

Eucabeth akaushika.

"Wacha, Baba Becky. Mimi sijasema uonje."

"Nimezoea tu," Kihara akasema, bila kumwangalia.

Nyuma kwa laini kijana mmoja, Okeyo, akauliza, "Kwani huyu mathe ameolewa kwa hao watu?" Hapo ndio watu walicheka.

Akina mama walikuja saa kumi. Wakaimba, wakaombea nchi amani, Mama Fancy akitoa machozi ya ukweli. Eucabeth akaleta ugali, sukuma, na jogoo aliyekuwa anamwekea Krismasi. Hakuna mkono ulisonga.

Mama Fancy, ambaye ndiye alimshika Eucabeth mkono akizaa Mitchelle, akasukuma sahani na kidole kimoja.

"Onja kwanza, Mama Mitchelle."

Eucabeth akadhani ni mzaha. Akaangalia nyuso. Akakata tonge, akala. Wakaangalia koo lake.

"Tungoje kidogo," Mama Fancy akasema.

Wakangoja. Ng'ambo ya barabara mashine ya Kihara, ambayo hunguruma mpaka giza, ikanyamaza jua likiwa bado juu. Halafu sauti za vijana. Eucabeth akasimama, yeye peke yake.

"Keti, dadangu," Mama Fancy akasema kwa upole. "Hiyo si mambo yetu."

"Mlikuwa mnajua?"

Mama Fancy alikuwa anatafuta kitu kwa Biblia.

Eucabeth akafunika ugali na sahani ingine, akaibeba. "Huyo mzee ameonja ya kila mtu wiki hii. Yangu ndio hajaonja."

Nje, vijana walikuwa wamejaa mlango wa posho mill, Okeyo mbele, na hakuna aliyebeba mahindi. Eucabeth akapiga hodi kama siku ya kawaida. Wakageuka wote. Okeyo akainua kifuniko, akanusa, akauliza bila haraka:

"Na hii unapelekea nani, mathe?"

"Jirani yangu."

Hakuna aliyempisha. Nyuma yake, ng'ambo ile, akasikia komeo la mlango wake mwenyewe likifungwa kwa ndani.