Mnyororo Juu ya Kamba Yetu

Asubuhi nilipiga makasia mwenyewe hadi ubavuni mwa ile yoti nyeupe nikamwambia mwenye chombo aisogeze. Sikumbembeleza. Nimeishi kisiwa hiki cha Carriacou miaka sitini na mbili, na kila anayetia nanga hapa siku tatu hudhani ghuba hii haina wenyewe.

"Mnyororo wako umelala juu ya kamba yetu," nilimwambia. "Leo tunashusha mashua. Sogea kusini kidogo."

Aliitwa Joost, Mholanzi, na mkewe Marijke na mabinti wawili wadogo. Walikuwa wanapumzika kabla ya kuelekea Panama.

"Jana tulihangaika saa nzima mpaka nanga ikashika, bwana," alisema. "Na kibali cha kutia nanga tumekata mjini. Tukishakula chakula cha mchana nitasogea, sawa?"

"Mchana mashua itakuwa imeshaingia majini."

"Basi hakuna tatizo!" Akacheka.

Hakunielewa, nami sikurudia. Ningeweza kumweleza kwa dakika mbili. Lakini mtu akinionyesha kibali mimi naona waya. Nilikuwa na miaka kumi na moja hoteli ilipozungushia waya ufuko tuliokuwa tunashushia mashua zetu. Baba aliishusha mashua yake ya mwisho kupitia uani kwao, kando ya mapipa ya taka, mlinzi akituhimiza tufanye haraka wageni wasione. Baba alikuwa ameshika kofia mkononi. Hao wenye hoteli walikuwa na kibali pia.

Nikageuza kimashua changu nikarudi pwani.

Mashua yenyewe ilikuwa ya Ignatia, mtoto wa marehemu dada yangu. Miaka mitatu aliijenga na fundi Alston, ubao kwa ubao, akiwa bado kibarua kwenye boti za watu. Ikielea leo, Jumatatu anapakia mzigo wake mwenyewe kwenda Grenada. Isipoelea, redio ilishasema: kesho mawimbi ya kaskazini yanarudi, na ufuko ule hauchezewi wiki nzima.

Kamba yetu inafungwa kwenye mashua, inakwenda baharini, inazunguka kapi lililotiwa nanga chini, kisha inarudi pwani. Watu sitini wanaivuta, na hawavuti ila kwa sauti ya mwimbishaji. Mwimbishaji ni mimi, tangu kabla Ignatia hajazaliwa.

Alston alinijia na shoka begani. "Cuthbert, ile yoti bado ipo."

"Nina macho."

"Kamba ikikaza itang'oa nanga yake."

"Labda itapita chini."

"Labda?"

"Kata nguzo, Alston! Au unamsubiri Mholanzi akupe ruhusa?"

Watu wakacheka. Ignatia, aliyekuwa anaibariki mashua kwa kumwagia ramu omo yake, kule mbele, akageuka. "Mjomba, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Endelea."

Aliitazama yoti, akanitazama mimi. Shoka zikaanza kukata nguzo zilizoegemeza mashua. Nguzo ya kwanza ikishakatwa hakuna kurudi nyuma, kila mtu anajua. Mashua ililala ubavu juu ya magogo, taratibu, ikiguna. Nikapaza sauti.

"Nani mwenye pwani?"

"Sisi!" Kamba ikavutwa.

"Nani kaleta waya?"

"Wao!" Mashua ikateleza hatua mbili.

Joost alikuwa ameshuka kutazama, yuko hapo hapo ufukoni, sahani ya wali wa mbaazi aliyopewa mkono mmoja, simu mkono wa pili, akipiga picha. Mkewe na watoto walibaki kwenye yoti. Hilo sikulijua mpaka nilipomwona Marijke ametokeza sitahani, ameshika nguo mbichi, anashangaa mnyororo unavyokaza.

Omo ya yoti ikainama kama imevutwa pua. Kisha ikainuka. Nanga ilikuwa imeng'oka, imeinuliwa na kamba yetu, na upepo ukaanza kuisukuma yoti kuelekea mwambani.

Marijke akapiga kelele. Injini ikakohoa, ikazimika. Mtoto mmoja akaanza kulia. Joost akatupa sahani, akakimbilia majini na nguo zake.

"Cuthbert!" Alston alinifokea. "Sema kitu!"

Nilijua la kusema. Kamba ikilegea, nanga yao ingeanguka ikashika tena. Lakini mashua yetu ilikuwa nusu majini nusu magogoni, na kilichoishikilia ni kamba ile tu. Tukiachia, inajibwaga. Mivuto mitatu zaidi, nayo ingeelea. Mitatu! Watu sitini walikuwa wameinama, wanangoja mdomo wangu. Povu la mwamba halikuwa mbali na yoti, urefu wa mashua mbili hivi.

Nikaita mmoja.

Ndiyo, niliuita. Wakavuta, na yoti ikasogea kwenye povu, na yule mama akawakumbatia wanawe wote wawili.

"Achieni!" nikasema.

Hakuna aliyeachia. Walidhani ni mzaha wangu.

"Achieni kamba, nyie! Achieni!"

Kamba ikaruka mikononi mwao. Mashua ya Ignatia ikaanguka juu ya ncha ya gogo, na mbao zikapasuka kwa mlio uliosikika mpaka barabarani. Huko nje yoti ikavuta mnyororo wake, ikatikisika, ikasimama.

Joost alirudi akitiririka maji, akanikumbatia mbele ya watu. "Umeniokolea watoto wangu, bwana. Umewaokoa." Wengine wakapiga makofi. Mikono yangu ilining'inia tu.

Ignatia alikuwa amepiga magoti kando ya mashua, mkono umezama kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko. Alimwacha Mholanzi amalize.

"Mjomba, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Usinichezee. Alston kakuambia, nimesikia. Mwambie."

Nikamwambia. Kwamba niliona asubuhi, kwamba nilinyamaza makusudi, kwamba hata baada ya kuwaona watoto niliita mvuto mmoja. Joost aliondoa mikono yake mwilini mwangu polepole, akarudi nyuma kama mtu aliyekanyaga kitu. Hakuna aliyecheka.

"Tunaipandisha juu kabla ya mawimbi," Ignatia aliwaambia watu. "Shikeni kamba. Naimbisha mimi."

Sauti yake ilikuwa nyembamba, na mara mbili aliita kabla watu hawajawa tayari. Hakunitazama. Nilikwenda mkiani mwa kamba, nyuma ya watoto wa shule, nikashika, nikavuta alipoita.