Msomaji wa Nusu

Kaka yangu ndiye aliyeandika programu inayosoma maagizo ya daktari na kuchapa lebo za dawa. Mimi nilikuwa nikibandika lebo hizo kwenye pakiti, katika chumba cha nyuma cha duka la dawa. Shule niliiachia darasa la tano, na si mtu wa maneno mengi.

Jumatano asubuhi nilishika karatasi ya daktari: 1/2 asubuhi, 1/2 jioni. Lebo ikasema kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nikajiambia kosa ni la macho yangu. Nikatafuta karatasi nyingine ya nusu. Kimoja tena.

Nikamwendea kaka. Bila kuinua kichwa akaniuliza tangu lini msomi wa darasa la tano anakagua mitambo. Mfamasia, mama asiyepitwa na jambo, akacheka. Sikuondoka.

Ili nimwondokee, akanieleza. Ndani ya programu kuna wasomaji wadogo wadogo waliopangwa foleni, kila mmoja anajua kitu kimoja tu. Akikiona anakichukua, na wa nyuma yake haulizwi tena. Zamani kila msomaji alimwandika mwenyewe kwa taabu. Wiki iliyopita alitengeneza kigeuzi, na Jumatatu akakianzisha kazi: anaandika neno tu kwenye orodha, nalo linageuzwa kuwa msomaji papo hapo. Alikifurahia kama mtu mwenye viatu vipya.

"Kwenye hiyo foleni," nikamwuliza, "nani yuko mbele, wa moja au wa nusu?"

"Wa moja. Niliwapanga tu kama walivyo..."

Hakumaliza. Alama ya nusu inaanza na moja. Msomaji wa moja alikuwa akichukua ile moja na kwenda zake, na mabaki hakuna aliyeyatazama. Uso ukamshuka kaka. Mfamasia akaacha kucheka.

Mimi mawazo yalikuwa yameshafika mbali. Jumatatu nilibandika pakiti ya shangazi aliyetulea. Dawa ya moyo. Tangu jana alikuwa akilalamika kizunguzungu, nasi tukamtania kwamba uzee haubishi hodi.

Nikampigia. Simu iliita mpaka nikakata tamaa, kisha akapokea.

"Shangazi, vidonge unameza vingapi?"

"Kimoja kimoja, kama mlivyoandika. Siku zote nilikuwa nakikata, nikasema labda daktari amebadilisha. Mbona unahema hivyo?"

Nikamwambia akae chini, asiguse kingine, mlango auache wazi, kaka anakuja. Kaka alikuwa ameshatoka; kiti chake kilikuwa bado kinazunguka.

Mfamasia akazima mashine, akanisogezea orodha ya waliochukua dawa tangu Jumatatu. Watu thelathini na sita. Akasema yeye ataanzia juu.

Sikuwahi kumpigia simu mtu nisiyemjua. Nikaanzia chini.

Nilikuwa kwenye jina la tisa ujumbe wa kaka ulipoingia: wako hospitalini, shangazi amelazwa, lakini anamgombeza yeye kaka tangu mlangoni. Nikafuta macho, nikabonyeza namba ya kumi.