Jino Moja Jeupe la Daktari Beckwith

Asubuhi ya harusi ya bintiye Corinne, Daktari Thurlow Beckwith alijitazama kwenye kioo, akacheka kidogo ili aone atatokaje kwenye picha. Akaacha kucheka. Kahawa ya miaka yote ile, na yale masigara manene anayovuta na wanakamati wenzake, yalikuwa yamempaka meno rangi ya kahawia ya mkanda wa suruali. Na yeye ni mtu wa meno! Mstaafu, sawa, lakini mwenyekiti wa kamati ya meno ya jimbo zima.

Angekuwa mwingine angesema potelea mbali, harusi ni ya mtoto. Lakini mtalaka wake alikuwa anakuja na mume mpya, mmoja anaitwa Rusty, muuza matrekta, na huyo Rusty ana meno meupe kama friji, tena hana mpango wa kuyaficha. Picha saa kumi, mlangoni pa kanisa, Beckwith huku, Rusty kule. Mwanaume ana wivu wake, jamani, hata akizeeka.

Si kwamba hakujaribu mapema. Alipiga simu mjini anakoishi, kliniki zote jibu moja: mabingwa wa kusafisha meno hawatoshi, mzee, tukuandike mwezi wa pili mwakani. Alifoka huyo! Na uchache wa mabingwa hao ndio uliofanya kamati yake ikae miaka inabishana. Je, wasaidizi wa madaktari, wale wa kushika mpira wa kunyonya mate, wafundishwe nao kukwangua ukoga? Maana huku mashambani watu meno yanawaishia mdomoni wakisubiri zamu.

Beckwith hakutaka hata kusikia. "Leo mnampa kijichuma cha kukwangulia," alikuwa anasema, "kesho atataka na kiti changu." Alipoona kura zinamkimbia akakubali, ila akachomeka masharti yake. Msaidizi akwangue juu ya ufizi tu, chini asiguse. Na daktari aliyemwajiri awe ndani ya jengo, mwili mzima. Akitoka, hata kwa dharura, kijichuma kiwekwe chini palepale, jino liwe limeisha au nusu. Atakayekaidi ananyang'anywa cheti. Wenzake wakampigia makofi, wakaenda kula pai ya cheri.

Sasa harusi yenyewe ilikuwa Halbrook, mji alikozaliwa Beckwith, tena katikati ya mavuno ya ngano. Watu wa Halbrook waliguna sana. Nani anafunga harusi wakati ngano bado iko shambani? Mtu wa mjini tu. Lakini daktari wa meno wa pale, Norbert Weigel, aliwahi kuwa mwanafunzi wa Beckwith, akaona aibu kumkatalia mwalimu wake. Akafungua kliniki Jumamosi. Msaidizi wake Glenna akaja pia, mama mmoja mpana, mpole, mkono mwepesi. Na kwa sababu taa iliwaka, Bibi Alvina wa nyumba ya wazee ya jirani akajikokota akaingia, akakaa pale kwenye viti vya kusubiria, mlango wazi, ili asikose neno.

Weigel akamchungulia Beckwith mdomoni, akasema, "Ufizi mzima, mwalimu. Ni ukoga wa juu tu, huu Glenna ataumaliza." Akaenda chumba cha pili kula mkate wake wa kabichi na nyama.

Glenna akaanza nyuma, kwenye magego, ndivyo walivyofundishwa. Kwangu, kwangu, kwangu. Huku anakwangua, akaona hii ndiyo nafasi.

"Daktari Beckwith, nilikuandikia ile barua. Ya nyumba ya wazee. Ni hapo tu, ng'ambo ya barabara. Niwe nawakwangulia kulekule, maana wengine hawatembei."

"Mngh," Beckwith akasema, mpira wa mate mdomoni.

"Mkanijibu haiwezekani, kule hakuna daktari ndani ya jengo."

"Mngh," akasema tena, na hiyo ya pili ilikuwa na kiburi.

Glenna akaendelea kukwangua. Magego yakaisha. Akaja mbele, akashika jino la juu, lile kubwa la katikati, akalikwangua, akalipiga dawa mpaka likang'aa. Akahamia la pembeni yake, na hapo king'ora cha mji kikalia.

Nyie mnaokaa mjini hamjui, na Beckwith naye alikuwa amesahau. Halbrook haina zimamoto wa kuajiriwa. Zimamoto ni mwenye duka la vipuri, mchungaji, na daktari wa meno. Wakati wa mavuno, mashine ikipasha moto chuma kidogo tu, shamba linawaka. Weigel akapita mbio, mkate bado mkononi, buti moja mguuni, moja kwapani. "Ngano ya akina Stecklein!" akapiga kelele, na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Glenna akaweka kijichuma chini.

"Mbona umeacha?" Beckwith akauliza.

"Daktari katoka."

"Ametoka kidogo tu. Endelea, mama."

"Siwezi, Daktari. Cheti changu kile pale ukutani, na saini ni yako. Wakininyang'anya, nitakula nini?"

"Mimi ndiye niliyeitunga hiyo sheria!"

"Ndiyo maana naiogopa."

Bibi Alvina akacheka kule kwenye viti vya kusubiria mpaka akakohoa. Beckwith akachukua kioo cha mkononi, akajitazama. Mungu wangu! Mbele pote kahawia, na katikati jino moja jeupe peee, kama taa ya stoo iliyosahaulika. Bora angebaki alivyokuja.

"Sikiliza," akasema, jasho linamtoka, "mimi mwenyewe ni daktari. Niko ndani ya jengo. Nimelala hapa. Nakusimamia."

"Leseni yako iko hai?"

Haikuwa hai. Leseni aliiacha ife alipostaafu, alikuwa hataki yale masomo ya kila mwaka.

Akampigia simu Weigel. Weigel akajibu kwa kukohoa moshi, "Mwalimu, labda usiku!" Akakata. Basi Beckwith akanyakua kijichuma ajikwangue mwenyewe mbele ya kioo. Akajichoma mdomo, tone la damu likaangukia shati la harusi.

"Mpe pamba, Glenna," Bibi Alvina akaita. "Au pamba nayo inataka daktari?"

Saa kumi wakapiga picha. Rusty kafungua mdomo wote, friji hilo. Beckwith kafunga wake kama mtu anayezuia kwikwi. Ilipofika zamu ya baba kuinua glasi na kuwatakia heri maharusi, akaongea kwa kubana midomo, hakusikika neno. Watu wakanong'onezana, maskini, uchungu wa kumwacha binti. Corinne alipomkumbatia na kumwambia, "Baba, hebu cheka basi, mara moja tu kwa ajili yangu," akamgeuzia shavu.

Kamati ilipokutana tena, Glenna na Weigel waliendesha gari tangu alfajiri wakasikilize, maana habari ilikuwa imevuja kwamba mwenyekiti ana badiliko la kuleta kwenye ile sheria. Glenna alivaa gauni la kanisani. Alijua tu, mtu aliyeonja sheria yake mwenyewe mdomoni lazima ailegeze.

Beckwith akasimama, meno yote yanang'aa, mwezi wa pili ulikuwa umefika, na zamu yake ya kusafishwa nayo. Akasema yaliyompata mwananchi mmoja yasimpate mwingine. Kwa hiyo tangu leo, msaidizi akikwangua ukoga, aanze na meno ya mbele. Ya nyuma baadaye.

Mikono yote juu. Makofi. Pai safari hii ilikuwa ya tufaha.

Glenna aliporudi akavuka barabara akampe habari Bibi Alvina, ambaye amebakiwa na meno mawili, yote ya mbele, yote yamevaa ukoga.

"Afadhali," Bibi Alvina akasema. "Siku nikiweza kuja huko kwenu, nitakuwa nimeshakwanguliwa yote kabla king'ora hakijalia." Akajifunika blanketi, maana barabara ilikuwa na barafu, na yeye wa kutembea tena hakuwa.