Ombi la Mara ya Tatu

Sisi watu wa mlimani Lebanon tuna ugonjwa mmoja: hatukubali jambo mara ya kwanza. Ukinikaribisha kahawa nitasema ahsante, nimekunywa sasa hivi. Ukinikaribisha tena nitasema la, usijisumbue. Mara ya tatu nitakaa kitako na kuuliza kama umetia iliki. Anayekubali upesi tunamwona mlafi, na anayekaribisha mara moja tu tunajua hakutaka ule. Ndivyo tulivyolelewa, wala sioni haya kuisifu tabia hii, ingawa mwaka jana nusura imuue jirani yangu.

Jirani yangu ni Wadia, Mama Nassif, mshonaji. Miaka arobaini tumepakana ukuta. Mumewe alikufa watoto wakiwa wadogo, naye akawasomesha wote watatu kwa cherehani moja ya miguu, hakumpigia mtu magoti wala hakuna aliyeona chozi lake. Mimi ni mtu wa kelele, nikiumwa jino kijiji kizima hakilali. Mwanamke yule namvulia kofia.

Watoto walipokua wakaruka, kama wanavyoruka wa kila nyumba hapa. Nassif yuko Canada, Jihan yuko Australia, na Ramzi, kitinda mimba, yuko Sweden. Mama akabaki na cherehani, mizeituni sita na mimi.

Februari, barafu ikiwa imeshika ngazi, aliteleza na ndoo ya kuni. Alilala pale chini mpaka nilipokuja kwa kahawa ya asubuhi. Midomo ilikuwa imegeuka buluu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama Rabih, samahani, kahawa sijaiinjika." Nyonga ilipona, lakini daktari hakumficha kitu: baridi nyingine peke yako, mama, huivuki.

Basi watoto wakataharuki. Kila mmoja akasema mama ahamie kwake. Ikabaki kuchagua nchi.

Nikajipa kazi ya ushauri, kazi ambayo sikuombwa. "Nenda Australia," nikamwambia. "Kuna jua, mifupa yako itashukuru. Au nenda Canada, kuna kanisa letu na watu wa kusengenya nao. Sweden usithubutu! Huko jua likitoka watu wanalipiga picha. Tena kuna yule mke wa Ramzi, ule ufagio."

"Ana jina," Wadia akasema, uzi ukiwa mdomoni. "Anaitwa Ulrika."

"Ufagio wenye jina, basi."

Akacheka, kisha akasimamisha cherehani. "Sichagui kwa jua wala kwa kanisa. Nitakwenda kwa yule atakayeniomba mara ya tatu. Wasiponiomba, nakaa hapa na kaburi la baba yao."

"Na baridi?"

"Baridi itafanya kazi yake."

Nikachukua vikombe nikaviosha, navyo vilikuwa safi.

Nassif alipiga simu ya kwanza, Jumapili, nami nimekaa pale nasikia kila neno. "Mama, njoo Canada. Chumba kipo, lifti ipo, hutapanda ngazi tena maisha yako."

"La, mwanangu, msijisumbue."

"Si usumbufu, mama, njoo."

"Mna kazi zenu, nitawabana bure."

Nikainama mbele nikingoja. Sema tena, mwana wa watu, sema tena! Nassif akashusha pumzi. "Haya, mama, sikulazimishi. Lifikirie tu." Akakata. Mara mbili! Alibakiza hatua moja kufika mlangoni, akageuka.

Jihan naye alipiga, akaomba, akakataliwa, akaomba tena akilia, akakataliwa. Kisha akasema, "Huku tunaheshimu uamuzi wa mtu, mama. Ni maisha yako." Ramzi, ambaye tangu utotoni maneno yake ni ya kuhesabu, aliomba mara moja tu. Mama aliposema msijisumbue, akajibu, "Unavyotaka wewe, mama," na sauti yake ikakauka. Ndiyo kwanza ilikuwa Septemba.

Nilipasuka. "Watoto gani hawa! Umejitoboa vidole kwa sindano wasome, wamesahau hata kukaribisha mtu! Nipe hiyo simu. Nampigia Nassif sasa hivi, nitamwambia, mjinga wewe, mwombe mama yako mara moja tu iliyobaki!"

Akaishika simu kwa mikono miwili. "Ukimwambia aombe, ombi hilo litakuwa lako, si lake."

"Litakuwa la nani si kitu, bora upone!"

"Kwangu ni kitu. Hawana kosa, Mama Rabih. Wamekaa miaka mingi ambako neno hapana ni hapana. Nisiwaadhibu kwa hilo."

"Basi sema ndiyo, ukaidi wa nini?"

"Nikisema ndiyo mara ya kwanza, nitaishi kwa mwanangu mpaka kufa bila kujua kama nilitakiwa." Akarudi kwenye pindo la gauni la watu. Mimi nilikwenda kulia kwangu, nikalia kwa sauti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Oktoba tukachuma mizeituni. Kuni zikapanda bei, upepo ukaanza kuuma, na Wadia akaanza kushika ukuta akitembea. Hakuna simu iliyoleta ombi. Walimuuliza tu kama amelifikiria, naye akasema bado.

Lazima niseme habari za Ulrika, ingawa zinaniaibisha. Alikuja kwetu mara moja, miaka saba iliyopita, bibi harusi mrefu, mwembamba, haongei. Wadia alimpikia mamumunye ya kujazwa wali na nyama. Msichana akala sahani nzima, akasema ahsante, nimeshiba. Wadia akampakulia nyingine. Akasema hapana, kweli. Wadia akampakulia ya tatu. Akaila yote, macho yamemtoka, kisha akashinda alasiri nzima akitembea juu ya paa tambarare la nyumba akishika tumbo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jina la ufagio nilimpa siku ile.

Basi asubuhi moja tuko kwenye kahawa, simu ya Wadia ikalia, ile ya kuonana nyuso. Si Ramzi. Ni Ulrika peke yake, jikoni kwake, nywele hazijachanwa. Kiarabu chake kilikuwa kinachechemea kila hatua.

"Mama Nassif. Njoo kaa na sisi."

"Ahsante, binti yangu. Msijisumbue."

Ulrika akainua kidole kimoja mbele ya simu. Tukatazamana, mimi na Wadia.

"Njoo kaa na sisi. Chumba nimepaka rangi."

"Nyumba yenu ndogo, binti yangu. Mna watoto."

Kidole cha pili. Kikombe changu kilikuwa hewani na sikumbuki kukishusha.

"Mama, siku ile mimi nasema hapana, tumbo limejaa. Wewe unaweka. Mimi nasema hapana tena. Wewe unaweka. Mimi nafikiri, mama huyu anataka kuniua!" Akasukuma nywele usoni. "Nikamuuliza Ramzi. Akasema, hapana, anakupenda. Jana Ramzi analia. Anasema, mama hataki kuja. Mimi nasema, Ramzi, umesahau mamumunye? Sasa, mama, sahani ni yako. Mimi ninaweka. Njoo."

Wadia akavuta mtandio, akajifunika uso. Miaka arobaini, na siku hiyo ndipo nilipoona mabega yake yakitikisika. Alipojifunua aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huko cherehani zipo, au nije na yangu?"

"Njoo na yako," Ulrika akasema, naye akiangua kilio.

Nikaisogelea ile simu. "Ulrika, mimi ni jirani, Mama Rabih. Nilikuwa nakuita ufagio."

"Najua," akasema. "Ramzi aliniambia."

Nilitamani ardhi inimeze.

Vibali vya safari vikatoka mwisho wa Novemba, theluji ikiwa imeshaonekana vileleni. Taksi ikaja asubuhi. Cherehani ikawekwa kiti cha mbele, imefungwa blanketi vizuri kuliko sisi sote. Nina mwanangu Rabih hapahapa, anauza matairi njia panda, siwezi kusema naachwa peke yangu. Lakini kahawa ya asubuhi huwezi kunywa na muuza matairi.

"Usiende," nikamwambia.

Akacheka. "Taksi imefika, Mama Rabih."

"Usiende, Wadia. Nitahamia kwako, nitabeba kuni mimi."

"Siwezi," akasema. Lakini hakuingia garini. Alishika mlango, akanitazama, akasimama vile vile. Kusimama kule nakujua, tumelelewa nako. Alikuwa anangoja.

Nikamsukuma bega. "Ingia basi, bibi wee, utaikosa ndege."