Ampuli Mpya ya Mnara

Mimi Kambale nauza vitu vya umeme wa jua katika soko la Bunia. Kabla ya hapo nilianguka kibiashara kwa dhahabu ya Mongbwalu, nikaanguka kwa pikipiki, nikaanguka kwa kuku, ambao walikufa wote wakiniangalia. Mtu mwenye historia kama hiyo akienda kuomba mke, hajisifu. Mimi nilijisifu.

Niliyemtaka ni Priscille, anayenunua samaki kule ziwani, karibu na Kasenyi, na kuwapandisha Bunia. Baba yake, Papa Théodore, ndiye mkubwa wa komite ya mitumbwi. Nilipofika kwake aliniomba nimtajie kazi moja tu niliyowahi kuimaliza. Nikatazama chini. Halafu nikatazama juu, nikauona mnara.

Ni vyuma vinne tu, vimesimama ufukweni tangu wakati wa Wabelgiji, ili meli zao zijue pa kutua. Wao walipoondoka, taa yao nayo iliondoka. Watu wakatundika ya petroli, yale mafuta ya taa. Petroli ilipopanda bei wakafunga fari, taa ya mbele ya lori lililoanguka kwenye mteremko, pamoja na batri yake. Vita vilipokuja, batri ikatembea na mtu asiyejulikana. Basi ikarudi petroli, taa yenye moshi, ya manjano, na Papa Théodore aliipandia mwenyewe kila jioni, magoti yakimlilia.

"Nitaitia ya kisasa, muzee," nikasema. "Utaiona toka katikati ya ziwa."

"Na nikikosa kuiona?"

"Basi usinipe mutoto."

Priscille alikuwa anapanga samaki katika kapu. Alinitazama kama mimi nilivyowatazama wale kuku. "Kambale, ile ya mwisho nani alikutuma useme?"

Nilipanda na pano ya kunasa jua, batri, na ampuli, yaani balbu, nyeupe inayojiwasha yenyewe giza likiingia. Wamama wanaokausha samaki waliacha kazi waone kama nitaanguka. Nilipofika chini mzima, waliniangalia kama watu waliolipia kiingilio bure.

Siku ya kupima, tuliingia ziwani mchana: Papa Théodore, mimi, na Fiacre mwenye mtumbwi wa moteri. Tulikwenda mbali, tukangoja. Giza liliposhuka nikasimama, nikanyoosha mkono kama gavana anayefungua daraja.

Mbele yangu kulikuwa na taa nyeupe. Kulia pia. Kushoto pia. Zote zinang'aa vizuri sana.

"Yako ni gani?" akauliza Papa Théodore.

"Ile kubwa."

Fiacre akaelekeza moteri huko. Tukakuta mtumbwi wa watu wanaovua ndakala, wale samaki wadogo, wametundika taa juu ya maji ili samaki wasogee.

"Aa, patron Kambale," akasema mmoja wao. "Ampuli yako iko muzuri. Haijazimika hata siku moja."

Tukageukia nyingine. "Patron, umenifuata mupaka huku? Kesho ndugu yangu anakuja kununua yake."

Hapo ndipo akili ilinifikia, imechelewa kama kawaida yake. Mitumbwi yote ile nilikuwa nimeiuzia mimi, ampuli za katoni moja. Nimeliwasha ziwa zima, kisha nimetundika moja ya aina ileile juu ya mnara, nikitegemea itaonekana.

"Ni ile pale?" Papa Théodore akaonyesha ya tatu.

Ningeweza kusema ndiyo. Nimekula miaka mingi kwa kusema ndiyo. Lakini upepo ulikuwa umeanza, na Fiacre alikuwa anatikisa bidoni ya esansi, mafuta ya moteri, asikie kama kuna kitu ndani.

"Papa, sijui," nikasema. "Mimi mwenyewe siioni."

Papa Théodore alitazama, akatazama, mpaka akapata wekundu mdogo wa majiko ya wale wamama wanaokausha samaki. Tukaufuata polepole, maji yakituingia miguuni. Priscille alikuwa amesimama ufukweni.

"Munatoka Uganda, ng'ambo kule?"

"Tulipita kusalimia bakliya ya Kambale, bale alibauzia ampuli," akajibu baba yake.

Nikachukua mfuko wangu.

"Unaenda wapi?" akaniuliza Papa Théodore.

"Bunia, muzee. Masharti niliweka mwenyewe."

"Keti. Uliniambia 'sijui' wakati tulikuwa tungali katika maji. Bengine bangeniambia ile ya tatu, na ya ine, mupaka esansi inaisha. Taa yako utatia rangi ya manjano. Siye tukiona manjano tunajua ni nyumbani. Kisha ulete batu yenu."

"Na miye hakuna mwenye kuniuliza?" akasema Priscille.

Nikamuuliza, mbele ya wote, maji bado yananidondoka. Akasema atajibu akiiona taa kwa macho yake.

Jumamosi nikafunga kioo cha manjano, nikakaa juu ya mnara kama kunguru, naye akaingia ziwani na Fiacre. Giza likaingia. Simu ikalia.

"Naiona," akasema. "Iko mubaya, lakini naiona. Ambia mama yako aanze kutafuta gari ya kuleta batu."